Mtoto wa Kapten azaliwa Sotik, baba yake hayupo

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai nje ya mji wa Sotik. Ndani ya banda la mbao, Rodah Maritim amepiga magoti, akimfuta kwa gunia mtoto wa farasi aliyezaliwa muda mfupi uliopita. Mtoto anainua miguu ya mbele, ya nyuma inakataa, anaanguka. Mama yake, Dachesi, anamlamba masikio.

Mume wa Rodah, Alexander Maritim, mwenye umri wa miaka 61, amesimama nje, mikono juu ya ubao wa mlango.

"Baba Cherotich, njoo umshike," Rodah anamwita. "Huyu lazima apate dang'a asubuhi hii. Maziwa haya ya kwanza hayangoji."

"Mshike wewe," anajibu. "Mimi ninamwona kutoka hapa."

Anachokiona ndicho kinachomzuia kuingia. Mtoto ni jike, mwekundu, mwenye doa jeupe juu ya pua. Doa hilo ni la Kapten, farasi dume ambaye Alexander alimuuza mwaka jana.

Familia hii imeishi na farasi tangu enzi za baba yake Alexander, aliyekuwa saisi wa mkulima Mzungu upande huu. Mkulima alipouza shamba na kurudi kwao, alimwachia mtunza farasi wake majike wawili. Alexander alikulia kati ya kwato zao. Leo kazi yake ni kupeleka farasi sokoni na kwenye sherehe za shule, watoto wapande na kuzunguka uwanja kwa shilingi mia moja. Msimu wa harusi, farasi hubeba bwana harusi.

"Kapten ndiye alikuwa kazi yenyewe," anasema. "Watu hawakuwa wanauliza kama Alexander anakuja. Waliuliza kama Kapten anakuja."

Agosti mwaka jana, kwenye sherehe ya shule, puto lilipasuka karibu na sikio la Kapten. Akaruka, na msichana aliyekuwa mgongoni akaanguka, akavunjika mkono. Msichana alipona. Maneno ya wazazi, hata hivyo, yalimwingia Alexander. Wiki haikuisha kabla hajamuuza Kapten kwa Onsongo, mfanyabiashara wa mawe ya ujenzi huko Chebunyo, aliyetafuta mnyama wa kuvuta mkokoteni.

"Nilimwambia puto ndilo lilileta shida, si farasi," Rodah anakumbuka. "Nikamwambia, ngoja moyo utulie. Nilirudi kutoka kuchuma chai nikakuta nafasi ya Kapten bandani iko wazi."

Alexander habishi. "Niliona aibu. Na mtu akiona aibu, anataka kile kitu kiondoke mbele ya macho yake. Sikumuuza kwa ajili ya yule msichana. Nilimuuza kwa ajili ya midomo ya watu."

Februari, daktari wa mifugo aliyekuja kuangalia kwato za Dachesi alimpapasa tumbo, akatabasamu. Farasi alikuwa na mimba, na hapakuwa na dume mwingine hapo nyumbani wa kuulizwa. Kesho yake Alexander akaenda Chebunyo, kamba mkononi, kumrudisha Kapten.

Onsongo alimpokea langoni. Akaiona ile kamba.

"Mzee, kaa kwanza," akamwambia, akimvutia kiti.

"Nilipoambiwa nikae, nikajua," anasema Alexander.

Kapten alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Hakuwa amewahi kuvuta mzigo maishani mwake. Alikonda, akaacha kula vizuri, kisha tumbo likamkaza. Onsongo alimtafutia dawa, akakaa naye zizini mpaka mwisho. Alimzika nyuma ya nyumba badala ya kuwatupia mbwa mzoga wake.

"Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa," Alexander anasema. "Yeye alinunua farasi. Mimi ndiye nilijua ni farasi wa namna gani, na sikumwambia."

Ndani ya banda, mtoto amesimama hatimaye, lakini anatafuta kiwele mahali pasipo na kiwele. Anafyonza goti la mama yake, kisha ukuta. Mikono ya Rodah imechoka, inateleza. Dachesi anaanza kuhangaika, kwato moja ikipiga sakafu.

Alexander anafungua mlango. Anamtuliza Dachesi kwa kiganja shingoni, anaweka goti nyuma ya mtoto na kumwongoza mdomo taratibu. Mara inasikika sauti ya kunyonya. Rodah anakaa chini, mgongo ukutani. Alexander anapitisha kidole juu ya lile doa jeupe, na anakiacha hapo kwa muda mrefu.

Sasa kundi lina farasi wanne. Huyu mdogo, Alexander anasema, hatakwenda sherehe yoyote mpaka akomae, na hauzwi. Anataka binti yake Cherotich, anayefanya kazi kiwanda cha chai, ajifunze kumzoesha ili siku moja aichukue kazi hii.

Liko jambo jingine. Siku ile Chebunyo, Onsongo aliomba kuitwa mtoto akizaliwa. Alexander aliondoka bila kumwahidi lolote.

Anajifuta mikono kwa suruali, anatoa simu.

"Onsongo, ni Mzee Maritim wa Sotik," anasema. "Amezaliwa. Ni msichana." Anasikiliza kidogo. "Ndiyo, anafanana naye. Njoo Jumapili umwone. Tutakuwa nyumbani."