Ngoma ya Lemayian Iliyonyamaza Harusini

Tulikuwa hivi: kaka yangu Musyoka, mwenye gitaa, Kamau, mtoto wa mwenye duka, ndiye alikuwa akiimba, Lemayian, jirani yetu, wa ngoma, na mimi Mwende, mtoto wa miaka kumi na moja, kazi yangu kuwaletea maji. Baba yetu, kibarua wa reli, nitamhesabu pia, maana ruhusa ilitoka kwake. Na Yeyo, ndivyo sote tulivyomwita mama yake Lemayian, ambaye hakuelewa ule muziki hata kidogo lakini alikuja kila jioni kuusikiliza, akicheka peke yake.

Kitengela wakati huo ilikuwa nyasi na upepo, na nyumbu wakipita nyuma ya choo chetu. Redio ya dukani ilitoa rokenrol, na vijana wetu waliishika kwa masikio tu. Kizungu hawakuwa nacho. Kamau aliimba sauti za maneno, bila maneno yenyewe, na hata leo nikifunga macho nazisikia zikielea juu ya nyasi kama moshi wa jikoni. Gitaa lilikuwa la mbao za sanduku la chai, ngoma ilikuwa debe lililofunikwa ngozi ya mbuzi.

Baba hakuupenda huo muziki. Alisema atawasikiliza mara moja tu, kwenye harusi ya Wanjiru, dada yake Kamau, kule Kajiado. Wakituaibisha, gitaa litapikia ugali, na Musyoka ataenda Makindu kumchungia mjomba ng'ombe. Wiki hiyo Musyoka alikonda.

Nikataka kumsaidia. Nilikuwa nimemwona Yeyo akipaka ngozi zake za kuvaa mafuta ya kondoo, akisugua polepole mpaka zinalainika kama kitambaa, nami niliona hakuna kitu kizuri kama hicho duniani. Basi asubuhi ya harusi nikaisugua ngoma mpaka ikang'aa.

Lemayian alipoipiga, ikatoa sauti ya mtu anayepiga gunia la unga. Ngozi ya kuvaa inataka ulaini, ya ngoma inataka ukavu, mimi ningejuaje? Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja akauliza kama hiyo ngoma imeshiba. Nikamtazama baba, uso umefungwa.

"Nani ameharibu hii ngoma?" Musyoka akauliza.

Lemayian akanusa vidole vyake. Mtoto aliyekulia kwenye ngozi hawezi kukosa kuyajua mafuta ya kondoo. Akaniangalia, kisha akamwambia Musyoka, "Ni umande. Niliiacha nje."

"Wewe ni punda, Lemayian."

Lemayian aliiweka ngoma chini, akaanza kunguruma kutoka kifuani vile morani wa Kimasai hufanya, akiruka, visigino vikigonga ardhi. Kamau akaingia na kile Kizungu chake, gitaa likafuata, na wale waliokuwa wakicheka wakasimama mmoja mmoja, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao, wazee wa Kimasai na fimbo zao, vumbi likawafika magotini. Sijawahi kuona tena watu wakicheza vile, kama wako ndani ya maji.

Tukiondoka, baba alimnyang'anya Musyoka gitaa. Akavua koti lake akalifunika, maana mvua ilikuwa inakuja.

Siku hizi Kitengela ni ghorofa kila mahali, na mjukuu wangu Mutuku yuko na ngoma ndani ya simu. Haijui mvua wala mafuta, inalia sawa kila siku, na akiipiga hata mimi natikisa kichwa. Musyoka anafuga kuku Isinya. Bado anasimulia vile punda wetu aliacha ngoma kwenye umande, na miaka yote hii nimecheka pamoja naye. Lemayian tulimzika mwaka juzi. Hata kaburini Musyoka alikisimulia kisa hicho, na mimi nikainama.

Kama nimekosea jina la mtu, au kama alikuwa dada mwingine aliyeolewa, mliokuwepo nirekebisheni, sitakasirika. Lakini hayo mafuta ni mimi, Musyoka. Hapo usinirekebishe.