Wanawake wa Njia ya Same

Mwaka 1956 Lydia Ebenezer alikuwa anamaliza chuo kikuu ng'ambo ya Ziwa Viktoria, akisoma historia. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa achague mada yake, aifanyie utafiti peke yake, aiandike. Lydia, mtoto wa Usangi huko Upare, alichagua mbiru: kodi ambayo Waingereza waliwatoza Wapare kwa kukadiria mali ya kila mtu, hata mwaka 1945 watu wakashuka milimani kwa maelfu, wakaketi mbele ya boma la Same wakisema hawalipi.

Mhadhiri wake, Mwingereza asiyeachana na kiko chake, alipoisoma mada alitabasamu.

"Hiyo si historia, Lydia. Ni habari za juzi. Tena mafaili ya serikali hayajafunguliwa. Utaandika kwa kutumia nini?"

"Nitawauliza waliokuwapo, bwana."

"Watakupa hadithi."

"Na vita vyenu vya juzi mbona vimeshaandikwa? Walioviandika hawakuwauliza askari?"

Yule bwana akakung'uta kiko chake, akasema, "Haya, andika. Lakini mimi ndiye nitakayesahihisha."

Likizo ilipofika, Lydia aliteremka kwenye gari moshi Same, akaenda bomani. Karani alimwambia mafaili yale hayasomwi na Mwafrika. Hakubishana naye. Alipanda zake Usangi.

Nyumbani baba yake, Mwalimu Ebenezer wa shule ya misheni, hakupendezwa. "Mambo yale yamekwisha, mwanangu. Watu walihamishwa makwao kwa sababu ya hayo. Wewe umepata bahati ya kusoma, unataka kuitupa?"

"Siitupi, baba. Hivi ndivyo ninavyoitumia."

Akaanza kuzunguka vijijini. Wanaume walimpokea vizuri, wakamsimulia hotuba, ngoma, na jinsi walivyokataa kuondoka Same hata walipotishwa. Lydia akawa anawauliza wote swali moja: "Mlikuwa mnakula nini?" Wote walijibu, "Wanawake walileta," kisha wakarudi kwenye hotuba zao.

Ndipo akaenda kwa shangazi yake Priska, dada wa baba yake, akamkuta anapalilia migomba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako anasema umekuja kututafutia matatizo."

"Nimekuja kuuliza nani alibeba chakula."

Priska aliweka jembe chini. Alimweleza jinsi wanawake walivyotwika makande na ndizi zilizokaushwa, wakashuka hadi tambarare, wakafuata reli kuelekea Same katika jua kali, wakarudi, wakashuka tena. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, Elirehema. Huko chini mtoto akashikwa na homa. Hakupona.

"Baba yako alikuwa amenikataza nisiende. Yeye alibaki na shule yake. Nilipomzika mwanangu alidhani sasa nitatulia." Akaliokota jembe. "Niliposikia wenzangu wanashuka, nilishuka nao. Niandike hivyo hivyo."

Habari zilienea. Wanawake wengine wakaanza kumwita Lydia wenyewe, na haikupita muda tarishi wa mfumwa, chifu wa Usangi, akafika nyumbani kwa Mwalimu Ebenezer. Alisema mfumwa amesikia kuna binti anawakusanya wanawake na kuwachochea.

"Mwambie mfumwa siwachochei, nawasikiliza," alisema Lydia. "Naye akitaka kusema ya kwake nitayaandika. Asipotaka, nitaandika kwamba hakutaka."

Tarishi akamgeukia baba. "Mwalimu, unamsikia mwanao?"

"Namsikia," alisema Mwalimu Ebenezer.

Aliporudi chuoni, mhadhiri alisoma kazi yote, akamwita. Alisema sehemu ya wanaume inafaa, ila nusu ya pili, ya wanawake, iondolewe. "Hawa hawamo katika ripoti yoyote."

"Ndiyo maana nimewaandika."

"Ukiiacha hivi, nitashindwa kukupendekeza kwenda Uingereza kuendelea na masomo."

Lydia alitaka sana kwenda. Usiku huo hakula. Asubuhi aliikabidhi kazi yake bila kufuta mstari, akafaulu kwa alama za chini kabisa. Nafasi ya Uingereza akapewa mwingine.

Alirudi Upare kufundisha shule ya wasichana. Jumapili moja, baada ya ibada, aliwakusanya wale wanawake uani kwa Priska akawasomea kazi yake, akiigeuza kwa lugha ya nyumbani. Hawakumwacha asome kwa amani. Mmoja alisema siku ya kwanza waliposhuka mvua haikunyesha. Mwingine akaapa kwamba ilinyesha, tena yeye aliteleza akamwaga makande. Lydia akawa anasahihisha pale pale kwa kalamu. Alipofika kwenye jina la Elirehema hakuna aliyebishana. Priska akamwambia alisome tena. Akalisoma.

Mwalimu Ebenezer alikuwa amekuja, amesimama kando ya ua.

"Na huyu je?" Priska alimwonyesha kwa kidole. "Umemwandika?"

Lydia akasita. "Hapana, shangazi."

"Mwandike. Alibaki nyumbani."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwalimu alivua kofia, akasogea akaketi miongoni mwao.

"Andika, mwanangu," alisema. "Ni kweli."