Mpiga Manyanga Aliyeamkia Picha

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Hapana, sabini na sita, maana kikundi chetu cha ngoma cha Shinyanga kilikwisha shonewa sare. Huko Ujerumani, tulikoalikwa kucheza, wenyeji walitupeleka kwenye kambi walimouawa Wayahudi, sasa ni makumbusho. Mpiga manyanga wetu, mama wa sauti ya kukwaruza, mikono haitulii hata ikiwa mitupu, alipiga magoti mbele ya kila picha ya waliouawa, akiamkia kwa Kisukuma: “Mwangaluka, baba. Mwangaluka, mayu,” yaani shikamoo baba, shikamoo mama. Mwenyeji wetu akamwambia mkalimani, “Mnyamazishe, hao ni wafu.” Mama hakugeuka. “Nimekuta watu, nipite kama ng'ombe? Mwambie asubiri.” Akasogea kwenye picha iliyofuata, magoti yakilia. Nami nikamuuliza mwenyeji: waliokaa nje ya ukuta huu, enzi zile, walikuwa wakiwasalimia hawa waliofungwa humu?