Mama Aliyetangaza Kasoro Zetu kwa Waajiri

Kifo cha mama mwenye biro kule Kawangware kimenigharimu mchango wa matanga, nauli ya kutoka mtaani kwetu Kianda hadi kwake na kurudi, shati jeupe lililoraruliwa na kiti cha kukodi, na kazi moja ambayo nilikuwa bado sijaianza. Nimehesabu tena, na hesabu ni ileile. Alifariki Alhamisi asubuhi, presha, akiwa anajiandaa kwenda kufungua. Jumatatu iliyofuata alikuwa anipeleke Lavington kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, anisemee, ili niajiriwe kutunza stoo ya jikoni. Mtanisamehe nikianza na hasara yangu kabla ya sifa zake. Yeye mwenyewe angeanza hapo hapo. Mtu aliyekuja kulia bila kusema alichopoteza, alimshuku kwamba amefuata chai.

Biro, kwa wasiofika upande wetu, ni ofisi ya kuwatafutia watu kazi za nyumbani. Yake ilikuwa chumba cha mabati kando ya kibanda cha chipsi, chenye benchi mbili, kalenda ya kanisa na jiko la chai. Wasichana na kina mama walikaa pale tangu asubuhi wakingoja mtu wa Kileleshwa au Nyayo Highrise aje kutafuta yaya, mpishi au wa kufua. Si mahali ambapo mwanamume wa makamo mwenye safu gazetini angetarajia kupeleka vyeti vyake, nami nilifika pale baada ya kumaliza milango mingine yote. Nilikuwa nikitunza ghala la mafuta ya kupikia. Biashara ilipolegea tuliitwa mmoja mmoja, tukaambiwa kwamba si sisi, ni uchumi. Uchumi ndiye bosi pekee aliyewahi kunifuta bila kuniona. Mke wangu ana meza ya mboga pale Kianda, lakini meza hiyo hailipi kodi ya nyumba na karo pamoja. Basi tukakubaliana kwamba muhula ukiisha kabla sijapata kazi, yeye na watoto watahamia Siaya kwa mama yangu, nami nitabaki Nairobi nikilala kwa marafiki. Alilisema jambo hilo akifunga mafungu ya sukuma wiki, bila kuniangalia, na ndipo nikajua limeshapita.

Nilianza na kampuni za kutafutia watu ajira, zile za kwenye mtandao, ambako unajaza maelezo yako na kungoja. Ya kwanza iliniuliza mshahara ninaotarajia. Hapo nikafanya kosa ambalo mtu aliyelelewa kwenye soko la mitumba hawezi kulikwepa: nikataja mara tatu ya nilichotaka. Sokoni ndivyo tunavyosalimiana. Muuzaji anataja bei ya wazimu, wewe unataja ya matusi, unajifanya unaondoka, anakuita, mnakutana katikati mkiwa mmefahamiana. Nikangoja kuitwa. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyonung'unika wakiniteremsha. Hakuna aliyeniteremsha. Mashine iliyasoma maombi yangu, ikaona bei, ikapita, kama mama wa supamaketi anavyoipita jibini. Ya pili walinipigia simu. Binti mmoja mwenye sauti laini aliniuliza udhaifu wangu ni upi, nami nikamjibu kama nilivyofundishwa na vijana wanaouza mafunzo ya usaili: kwamba ninapenda kazi kupita kiasi. Akasema, "Vizuri sana," na nikasikia vidole vyake vikiandika. Nadhani siku ile peke yake alikuwa amesikia jibu lile kutoka kwa watu wa kujaza uwanja wa mpira, sote tukiwa hatuna kasoro hata moja, sote tukiwa nyumbani.

Ndivyo nilivyofika kwenye biro.

"Buda, umepotea?" aliniuliza mwanamke mmoja wa Sarang'ombe, akimenya chungwa. "Kinyozi ni huo mlango mwingine."

"Natafuta kazi."

"Unajua kufua?"

"Najua kuhesabu."

"Basi nitafua, wewe utahesabu nguo."

Benchi zote mbili zikacheka. Mwenye biro akawaambia wasogee baba akae. Alikuwa mama mnene wa Vihiga, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ambayo haikuhitaji kupanda. Alinitazama viatu kwanza, uso baadaye.

"Wewe si ndiye ule wa gazeti? Kwani hawakulipi?"

"Wananilipa."

"Ngapi?"

Nikamtajia. Wale kina mama wakanyamaza kwa adabu, kama watu waliopita mbele ya nyumba iliyofiwa. Mmoja akanipa kipande cha chungwa.

"Sawa," akasema mwenye biro. "Na kasoro yako ni gani?"

Nikampa jibu langu la usaili, neno kwa neno. Hakuandika. Alivua miwani akaifuta kwa leso. "Unapenda kazi kupita kiasi," akarudia. "Ndiyo maana imekukimbia." Halafu akaniambia nisijali, kasoro yangu angeitafuta mwenyewe, na asingemsemea mtu kwa mwajiri kabla ya kuijua.

Nilidhani ni mzaha. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Hakuwahi kumpeleka mtu mahali kwa maneno matamu. Alikwenda naye kwa miguu hadi mlangoni, akasimama kati ya pande mbili, akamwambia kila mmoja kasoro moja ya mwenzake, mwenyewe akisikia. Nilimwona akifanya hivyo siku mwajiri mmoja alipokuja biro kumchukua yule wa chungwa. "Huyu anapika vizuri," alimwambia yule mwajiri. "Anafua, anapenda watoto, haibi. Lakini akikasirika anagonga milango. Ukisikia mlango umelia, usimwulize kitu mpaka anywe chai." Kisha akamgeukia yule wa chungwa. "Na wewe, huyu mama anahesabu mayai. Usifikiri anakushuku. Anahesabu hata bwanake akikula."

"Mimi?" mwajiri akauliza.

"Wewe. Wasichana wawili wameniambia."

Nilingoja ugomvi. Mwajiri akasema mayai yamepanda bei. Yule wa chungwa akasema kwao milango ilikuwa ya pazia, ndiyo maana hii ya mbao inamshinda. Wakaondoka pamoja wakibishana juu ya siku ya mapumziko, na nilivyosikia bado wako pamoja, milango ikilia na mayai yakihesabiwa. Si kwamba alikubali kila kasoro. Kuna bwana mmoja aliyekuja na gari kubwa kutafuta yaya, mwenye biro akamwambia mbele yetu kwamba kasoro yake haisemeki mbele ya kina mama, na kwamba biro imefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi na chai ilikuwa jikoni. Nyakati hizi ambapo mwenye kazi mkononi anabembelezwa kama bwana harusi, kufukuza mwajiri ni anasa. Alikaa wiki nzima bila kumpeleka mtu popote, na hakulalamika isipokuwa juu ya sukari.

Nimeyafikiria sana mambo haya tangu Alhamisi. Uchumi ukibana, waombaji kazi tunajipiga pasi. Tunaondoa kila kunyanzi katika maelezo yetu mpaka hakuna anayeweza kututofautisha. Waajiri nao wanatangaza kwamba wao ni familia, kwamba wanajali, kwamba mshahara ni wa kuridhisha. Katikati anakaa mtu wa ajira akipokea uongo wa huku na kuupeleka kule, na analipwa kwa usafi wa uongo huo. Halafu mwezi wa pili kila upande unashangaa umepata binadamu. Mama huyu alilipwa kidogo kuliko wote niliowahi kukutana nao katika biashara hiyo, na ndiye pekee ambaye watu wake hawakurudishwa. Hakutufanya tuonekane wema. Alifanya mwajiri aamini yale mema machache aliyoyataja, kwa sababu alikuwa ameshasikia baya kutoka kinywa kilekile.

Kasoro yangu aliitafuta kweli. Alikuja Kianda bila taarifa, mimi nikiwa nimetoka, akakaa na mke wangu kwenye meza ya mboga muda mrefu, akimsaidia kukata sukuma wiki za wateja. Nilipokuja walikuwa wakicheka. Waliponiona wakaacha. Akanunua dania, akanilipa mimi badala ya mke wangu, akasema, "Huyu nimemwelewa." Baadaye kidogo akanijulisha juu ya ile nyumba ya wageni. Akanipa na kasoro ya mwajiri, kama ilivyo haki: analipa vizuri, lakini hulipa kwa kuchelewa, na ukimuuliza ananuna. Yangu, akasema, angeipeleka Jumatatu mwenyewe. Mambo kama hayo hayasemwi kwenye simu.

Jumapili tulikutana kwenye matanga, uani kwao, kuchangia gari la kumpeleka nyumbani Vihiga. Watu walijaa kuliko viti: mayaya, wapishi, walinzi, mama fua, na waajiri wengi tu, wamekaa wakichanganyika nao kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kujitenga. Mwenyekiti wa kamati alisoma sifa za marehemu, na palikuwa na minong'ono kwamba ametaja nzuri tupu. Mwishowe yule wa chungwa akasimama. "Alikuwa na kasoro moja," akasema. "Chai yake ilikuwa maji." Hapo ndipo watu walipolia.

Baada ya maombi, mama mmoja mwenye kilemba cheusi alinijia. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni.

"Wewe ndiwe wa stoo?"

"Ndiyo, mama. Pole."

"Pole sana. Alikuwa aje kesho aniambie kasoro yako."

"Najua."

"Alinieleza yale mazuri yote. Unahesabu vizuri, huibi, hunywi. Ni gani ilikuwa imebaki?"

"Sijui, mama. Hakuniambia."

Akanitazama kama mtu anayeangalia begi zuri lisilo na zipu. "Mimi siwezi kukuchukua nusu," akasema. "Nusu nzuri peke yake hata hao wa mtandao wananitumia kila siku. Wa mwisho alikuwa mzuri hivyo hivyo, akaondoka na friji."

Nikajaribu kufanya biashara, kwa kuwa sijui kufanya kingine. Nikamwambia tubadilishane: yeye anichukue kwa mwezi mmoja wa majaribio, kasoro ataiona mwenyewe. Akakataa. Nikamwambia wiki mbili. Akauliza kama nikienda kununua kuku huwa nalipa kwanza ndipo nimwangalie macho.

"Na mimi alikuambia kasoro yangu ni gani?" akauliza.

Nilitafuta maneno ya kulainisha, nikakosa. "Kwamba unalipa kwa kuchelewa. Na ukiulizwa unanuna."

Alinuna. Alinuna kwa muda wa kutosha watu wawili kutupa pole na kupita. Halafu akainamisha kichwa kuelekea picha ya marehemu iliyowekwa juu ya meza. "Hata mimi aliniambia usoni," akasema. "Sasa niletee yako. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Nakungoja mpaka Ijumaa. Ukija na ile ya kupenda kazi kupita kiasi, usishuke kwenye boda, geuka hapo hapo."

Nimejaribu, wasomaji wangu. Nimekaa na karatasi na nimekaa bila karatasi. Nikitaja ndogo, kwamba ninakoroma, ataona ninamchezea. Nikitaja kubwa, sitapewa funguo za stoo. Nikitaja ya katikati, nitakuwa nimefanya kile nilichofanya kwenye ile fomu ya mshahara, nikapanga bei nikitarajia kuteremshwa. Nikamwendea mke wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeulizwa, na ndiye atakayepanda basi la Siaya nikishindwa. Nikamwomba aniambie alimwambia nini marehemu siku ile. Aliendelea kupanga nyanya zake.

"Nilimwambia nyingi," akasema. "Alichagua gani, sijui."

"Taja basi tatu."

"Nikitaja tatu utachagua iliyo rahisi. Hiyo peke yake ni ya nne."

Hivyo nimekuja kwenu. Somo la mama huyu nimelielewa: hatuaminiki mpaka awepo mtu anayejua ubaya wetu na bado yuko tayari kutusindikiza hadi mlangoni. Tatizo ni kwamba aliyejua wangu ameondoka nao, na mtu hawezi kujisindikiza mwenyewe. Nyinyi mmenisoma miaka mingi. Mmeona nilipopunja ukweli, nilipojisifu kwa kujifanya ninajicheka, niliposema nimehesabu na sikuhesabu. Mwandikieni mhariri kabla ya Ijumaa, mniambie kasoro yangu ni ipi. Moja inatosha, ila iwe ya kweli. Nawaomba msinihurumie, yeye hakunihurumia, na ni kwake peke yake nilipokaribia kupata kazi.