Shuka Katikati ya Barabara

Tangu utotoni, Dobi alikuwa na kasoro moja ambayo haikumzuia kula, kulala, kuolewa wala kuzaa, ila ilimzuia kupiga kwata. Akitumwa dukani alitembea kama binadamu mwingine yeyote. Lakini mtu akisema tu "kushoto, kulia," mwili ulisahau yote uliyoyajua. Mkono wa kulia ulitoka pamoja na mguu wa kulia, wa kushoto pamoja na wa kushoto, naye akaenda akiyumba kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana. Shuleni, kila sikukuu ya uhuru ilipokaribia, mwalimu alimtoa kwenye mstari akamweka ukutani kulinda mabegi ya wenzake. Aliyalinda miaka yote ya shule, na hakuna hata moja lililopotea. Mama yake aliposikia habari hizo alisema kasoro hiyo imetoka upande wa baba. Upande wake yeye, watu wanatembea vizuri.

Miaka ikaenda. Dobi akawa mtu mzima mwenye watoto wanaojitegemea, na kazi yake ikawa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kilikuwa chumba kirefu chenye karo za saruji, kamba zilizotanda toka ukuta hadi ukuta, na harufu ya sabuni iliyochanganyika na dawa. Kwenye kona palikuwa na mashine kubwa ya kufulia iliyokufa mwaka uliopita. Sasa ilitumika kuwekea vikombe vya chai. Mwenzake wa zamu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye maneno ya kuchoma, na kwa sababu hizo zote hospitali nzima ilimwita Sindano.

Mwaka huo mkubwa wa hospitali alitangaza kwamba wafanyakazi watapeleka kikosi kwenye gwaride la sikukuu, na kila idara itoe watu wawili. Chumba cha kufulia hakikuwa na la kuchagua: watu wa zamu ya mchana walikuwa hao hao wawili.

Dobi alifika nyumbani jioni, na kabla hajavua viatu akamwambia mama yake.

Hapo ndipo alipojiponza. Mama yake alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini ulimi wake ulikuwa bado kijana. Naye pia alikuwa dobi enzi zake. Alifua na kupiga pasi katika moja ya nyumba kubwa zilizopanga mstari kwenye barabara kuu ya mji, wakati nchi ikiwa bado mikononi mwa wageni. Barabara yenyewe ilikuwa ya wenye nyumba na magari yao. Yeye na wenzake walipita uchochoro wa nyuma, mzigo wa nguo kichwani, wakiruka mitaro. Kwa hiyo aliposikia mwanawe atapita katikati ya barabara ile, mbele ya jukwaa kuu, tena kwa ngoma na tarumbeta, usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha akajifunga kanga akatoka nje.

Alianza na Kinyozi, aliyekuwa na banda lake chini ya ghorofa yao. Asubuhi alimwambia kwamba binti yake atapita kwenye gwaride. Mchana, habari zilipofika kwa muuza mkaa, binti alikuwa anaongoza gwaride. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba atapewa mkono na rais. Kinyozi, mtu muungwana, akaahidi kubeba kiti kimoja cha banda lake hadi barabarani ili bibi aangalie akiwa ameketi.

Mazoezi yalifanyika uwanja wa nyuma wa hospitali, na msimamizi wake alikuwa mkuu wa walinzi, mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Afande hata na mke wake. Alikuwa mtu wa haki na asiye na masihara. Aliwatazama wanavyozunguka, akasimamisha kikosi, akamwita Dobi mbele, akamwamuru aende peke yake. Kabati likahama. Wauguzi wakaficha nyuso zao. Afande hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama," alisema kwa upole, "wewe utabeba maji. Wenzako watakuwa na kiu wakimaliza."

Dobi akabeba maji. Jioni, mama yake alipouliza mazoezi yamekwendaje, alijibu kwamba yamekwenda vizuri. Na kweli yalikuwa yamekwenda vizuri, kwa waliokuwamo. Lakini kumwachia mzazi aamini kisicho kweli ni uongo, hata kama kila neno lililotamkwa ni sahihi, na Dobi hakuwa mtu wa kujidanganya juu ya hilo. Kila siku alidhamiria kusema. Kila siku alimkuta mama yake na jambo jipya: leo amelitoa sandukuni gauni lake la kijani, kesho amelipiga pasi, kesho kutwa anamuuliza Kinyozi kama kiti kina mto. Naye akaishia kulisifia gauni.

Sindano hakuelewa kwa nini mwenzake amenuna. "Mimi naenda kwa sababu ya fulana na soda," alisema, wakiwa wameinamia karo. "Uhuru gani, dada? Mashine imekufa, tunafua kwa mikono kama nyanya zetu. Wakubwa wanakaa kivulini, sisi tunapita juani. Hiyo ndiyo sherehe?"

"Mashine ikifa unamlaumu nani?"

"Mkubwa wa hospitali. Namlaumu kutwa."

"Mama yangu hakuwa na wa kumlaumu," Dobi alisema. "Akikata kifungo cha shati, alikatwa yeye mshahara. Hakuna aliyemuuliza."

Sindano akakamua foronya, akasema kwamba basi yeye anasherehekea uhuru mwaka mzima, maana halali bila kulaumu. Wakacheka. Lakini neno hilo lina ukweli zaidi kuliko alivyodhani. Wapo watu wanaoitumia siku ile kulala hadi adhuhuri, wakiamka wanauliza uhuru umewaletea nini, na hawajiulizi ni lini walianza kuuliza kwa sauti.

Walipomaliza kufua na mashuka kukauka, walianza kuyakunja. Kazi hii huwezi kuifanya peke yako ukaifanya vizuri. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanavuta hadi shuka linalia, wanaunganisha kingo, kisha wanaendeana, pembe zinakutana, mmoja anapokea, mwingine anainama kuokota mkunjo na kurudi nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Walikuwa wameifanya kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuhesabu hatua. Sindano alikuwa na shuka mkononi aliposimama ghafla.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Njoo kwangu tena. Haya. Kushoto, kulia, kushoto." Dobi akaja, shuka mikononi. Sindano akatazama miguu yake, kisha akamtazama usoni. "Dada, wewe kwata unaijua. Ni mikono tu inayokuharibia. Ipewe kazi."

Wakaenda kwa Afande hivyo hivyo, na shuka lao. Walimwomba walibebe mbele ya kikosi, limenyooshwa kati yao, ili watu wajue kwamba hospitali si sindano na vidonge tu. Afande alisema gwaride si kamba ya kuanikia nguo. Lakini aliyatazama yale macho ya Dobi, akachukua ndoo, akaipindua, akaanza kuipiga kwa fimbo. Wale wawili wakaenda mbele, bega usawa wa bega, shuka limekaza katikati kama ukuta uliopakwa chokaa, na hatua zao zikaangukia ndoo bila kukosea. Walipofika ukutani wakageuka, wakarudi. Afande aliendelea kupiga ndoo hata baada ya wao kusimama.

"Nikiona mkunjo mmoja," alisema mwishowe, "nawatoa wote wawili."

Siku ikafika. Jua lilitoka safi, na barabara kuu, ambayo Dobi huivuka mbio kila asubuhi huku magari yakimpigia honi, ilikuwa imefungwa toka mwanzo hadi mwisho. Bendera ndogo zilining'inia juu kutoka nguzo hadi nguzo. Watoto walikuwa juu ya mabega ya baba zao. Dobi alisimama mbele ya kikosi cha hospitali, fulana mpya imembana kidogo makwapani, na kwa mara ya kwanza maishani aliona barabara ile ilivyo pana. Hakuwahi kuitazama. Aliivuka tu.

Ngoma zikaanza, wakaondoka. Walipita benki, wakapita posta, wakapita zile nyumba kubwa ambazo sasa ni ofisi, na shuka halikuwa na mkunjo hata mmoja. Upande wa kulia, si mbali na jukwaa, Dobi aliona kiti chekundu cha Kinyozi, na juu yake gauni la kijani. Moyo ukamwenda mbio, lakini miguu haikujali, ilikuwa na kazi yake.

Hapo ndipo upepo ulipokata kona ya jengo la posta ukaja barabarani. Shuka likajaa. Likavimba, likamvuta Sindano kushoto, likamvuta Dobi kulia, na sehemu ya chini ikaruka ikawafunika nyuso. Watu wa mstari wa pili wakapunguza hatua. Jukwaa lilikuwa mita chache mbele.

Hakuna aliyeamuru kilichofuata, wala hawakutazamana. Shuka likishikwa na upepo, dobi hulikunja, basi. Pembe za chini zikapanda juu. Kingo zikakutana. Sindano akaja kwa Dobi kwa hatua za ngoma, pembe zikagusana, Dobi akapokea, Sindano akaokota mkunjo, akatoka, akaja tena. Kushoto, kulia, wakiendelea mbele, nyuso zao zimetulia kama wako chumbani kwao karibu na vikombe vya chai. Kicheko kilianzia kwa wanawake waliokuwa kando ya barabara, maana kila mmoja wao amewahi kukunja shuka na mwenzake. Kisha kikageuka makofi, na makofi yakawafuata ubavuni hadi mbele ya jukwaa. Afande akapaza sauti, "Macho kulia." Vichwa vikageuka. Dobi alipita mbele ya wakubwa wa nchi akiwa ameshika mikononi shuka la hospitali, limekunjwa mraba, safi, pembe kwa pembe. Wakubwa walikuwa wamesimama. Mmoja wao alikuwa anapiga makofi mikono juu.

Barabara ilipoishia, kikosi kikavunjwa. Afande alikuja moja kwa moja kwao, na Sindano akaanza kutafuta pa kujificha, jambo gumu kwa urefu wake.

"Nani amewaamuru mkunje?"

"Upepo, Afande," Dobi alijibu.

Afande akalitazama shuka. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, kama mtu anayekagua bunduki. "Mwakani mkunje mapema," alisema. "Waliokaa mwanzo wa barabara hawakuona kitu."

Mkubwa wa hospitali naye akafika kuwapongeza, akawashika mikono. Sindano, aliyekuja kwa ajili ya fulana na soda, hakuuachia ule mkono. Alimwambia mbele ya kikosi kizima kwamba kukunja wamekunja, sasa imebaki mashine. Watu wakacheka, na mkubwa akacheka pia, lakini akatoa ahadi mbele ya mashahidi wote wale, na soda ya Sindano ikasahaulika juu ya ukingo wa barabara.

Dobi alimkuta mama yake bado yuko kitini, Kinyozi amesimama nyuma yake kama mlinzi wa mfalme. Bibi hakusema pongezi. Alinyoosha mkono, akapewa shuka, akaliweka mapajani, akainua pembe moja.

"Hii imezidi," alisema, akaikunja upya.

Dobi akachuchumaa mbele yake. Hakutaka neno lile lilale naye usiku mmoja zaidi. Akamwambia kwamba alikuwa ametolewa kwenye mstari tangu siku ya kwanza, kwamba alikuwa mbeba maji, na kwamba alimficha.

"Najua," mama yake akasema. "Afande ananyolewa hapo kwetu."

Kinyozi akatazama angani.

"Ulijua, Mama, na bado ukaendelea kuutangazia mtaa mzima?"

"Ningenyamaza ungebeba maji mpaka leo." Akamrudishia shuka. "Nishike mkono. Nataka kwenda nyumbani, tena nataka nipite hapa, kabla hawajafungulia magari."

Wakamsaidia kushuka barabarani. Alipofika kwenye mstari mweupe wa katikati, aliachia mkono wa binti yake, akavuta gauni lake likae sawa, akatazama ile mistari ya nyumba kubwa, upande huu na upande ule. Mbali kidogo, bendi ilikuwa bado inapiga, kwa raha yake yenyewe. Bibi akainua kidevu, akaanza kwenda kwa mwendo wa ngoma.

Dobi alikuwa hatua mbili nyuma, shuka kifuani. Kinyozi alikuwa pembeni, kiti kichwani. Wote wawili waliona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkono wa kulia wa bibi ulitoka pamoja na mguu wake wa kulia, wa kushoto ukatoka pamoja na wa kushoto, naye akaenda hivyo katikati ya barabara kuu, akiyumba, mwenye fahari, bila kutazama nyuma.

Kinyozi alifungua mdomo. Dobi akamkanyaga mguu, akampa shuka alishike, na akaenda kuungana na mama yake kwa mwendo ule ule.