Fundi Fransis na msingi wa futi moja na nusu

Jua halijapanda juu ya minazi ya Temeke, na Fransis Mwakisole amekwisha kuingia ndani ya mtaro hadi mapajani. Anapiga sururu, anainama, anatupa udongo nje kwa koleo. Kila baada ya hatua mbili anasimamisha ufito wake na kupima kina.

Mwenye nyumba inayojengwa, Mzee Mwishehe, mfanyabiashara wa nazi, amesimama ukingoni na kikombe cha kahawa.

"Fundi, hiyo bado haitoshi?"

"Bado inchi nne, mzee."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Fransis ana miaka arobaini na sita. Alitoka Rungwe mwaka 1938, akabeba zege bandarini, kisha akajifunza uashi kwa kutazama. Siku hizi hupata shilingi sita kwa siku kazi inapokuwepo. Masika ikikaza, hukaa hata wiki tatu bila kushika mwiko.

Temeke nzima inamfahamu, ila si kwa nyumba alizojenga. Wanamfahamu kwa ukuta alioubomoa.

Mambo yalianza Novemba mwaka jana. Wakristo wa mtaa huo, watu kama mia moja waliotoka bara, wengi wao Rungwe, walikuwa wamepata kiwanja cha kujenga kanisa la mawe. Fransis, muumini mwenzao, ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Makubaliano yalikuwa msingi wa futi tatu pande zote.

Upande wa nyuma, mvua za vuli zilijaza mtaro maji. Wakati huohuo alikuwa ameitwa Kurasini kwenye kazi yenye ujira mzuri, na alitakiwa kuanza Jumatatu. Jumamosi jioni, wasaidizi walipokwisha kwenda zao, alipanga mawe ya msingi kwenye futi moja na nusu tu, kisha akarudishia udongo.

"Nilijiambia ardhi ile ni ngumu, itabeba," anasema. "Lakini nilijua. Fundi utakosaje kujua?"

Aprili, masika ilipofika, kanisa likiwa limekwisha kuanza kutumika, ukuta wa nyuma ukapasuka. Ufa ulianzia chini ukapanda hadi kwenye dirisha, upana wa kidole.

Wazee wa kanisa walikusanyika kuutazama, na mmoja akauliza nani alikuwa anachanganya saruji. Alikuwa Revelian, kibarua kutoka Bukoba, aliyehamia Temeke mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Hakuwa na ndugu wala mtu wa kwao katika kanisa lile. Maneno yakapita kwamba alikuwa akiiba saruji na kujazia mchanga. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyemwuliza.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Wilbert, kiongozi wa kanisa hilo, alitangaza kwamba Revelian amezuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Fransis alikuwa amekaa benchi la pili. Wimbo ulipoanza, akaimba na wenzake.

Revelian alipoteza kibarua. Mwenye chumba alichopanga, naye muumini, akamtaka ahame. Alikwenda Keko na mkewe Tabu, akapata kazi ya kubeba marobota ya mkonge bandarini. Wiki ya tatu mgongo ukamshinda.

Aliyeufungua mdomo wa Fransis ni mkewe, Atuganile. Alikuwa ameona kitu. Mkate na divai vikipitishwa, mume wake alitoka nje, Jumapili mbili mfululizo.

"Nilimwuliza, Baba Lugano, unaumwa?" anakumbuka Atuganile, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Akasema tumbo. Nikamwambia tumbo gani hilo la Jumapili tu? Hapo akaketi chini, akaniambia yote."

"Ukamwambia nini?" anaulizwa.

"Nikamwambia, mie unaniambia ya nini? Nenda Keko."

Fransis alikwenda kesho yake baada ya kazi. Revelian alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, Tabu akimkanda kwa maji moto. Fransis alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza habari ya futi moja na nusu.

Revelian hakugeuka. Anayakumbuka vizuri maneno aliyomjibu.

"Nilimwambia, umekuja kuniambia mie peke yangu, chumbani? Walioniita mwizi ni watu mia. Kawaambie wao."

Tabu aliongeza neno moja tu: "Toka."

Jumapili ya mwisho ya Mei, baada ya matangazo, Fransis alisimama. Wengi walidhani anataka kuomba vibarua.

"Ndugu zangu," alisema, "Revelian hakuiba saruji. Ukuta umepasuka kwa sababu mimi sikuchimba. Nilifukia haraka kabla giza halijaingia, nikaenda Kurasini. Mkamhukumu nikiwaona."

Mzee mmoja aliinuka. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa mtanitazama kama mnavyonitazama sasa hivi."

Ibada iliishia hapo. Waliokuwa wakitaka afukuzwe kabisa walipaza sauti, na waliotaka jambo limalizwe kimya kimya, kwa kuwa ni mtu wa kwao, nao walipaza sauti. Familia nne zilihama kanisa.

Kilichobadili mambo ni Mwalimu Wilbert mwenyewe. Wiki hiyo aliwaita waumini wote, akawaambia kosa la Fransis ni la msingi mmoja, lakini kosa la kumwadhibu mtu bila kumsikiliza ni la kanisa zima, na yeye ndiye aliyelitangaza. Kisha alitembea hadi Keko kuomba radhi.

"Tulikuwa tunasema sisi ni ndugu," anasema Mwalimu Wilbert. "Lakini mgeni akituhumiwa tunaamini upesi, mwenzetu wa nyumbani akituhumiwa tunatafuta ushahidi. Sasa tumekubaliana: hapa hakuna mtu atakayeadhibiwa kabla hajasema. Na mtu akisema kweli juu yake mwenyewe, hatutamtupa."

Fransis alizuiwa Meza ya Bwana miezi mitatu. Juni alianza kuubomoa ukuta, bila ujira, jioni baada ya vibarua vyake. Waumini wakasali kwenye banda la nazi la Mzee Mwishehe.

"Watu walinishangaa, Mwislamu kuwapa Wakristo banda, na baadaye nikampa kazi fundi yuleyule," anasema Mwishehe akicheka. "Sie hapa mafundi waongo tunao tele. Huyu angalau najua uongo wake ulipoishia."

Wiki ya tano ya kubomoa, Fransis alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Revelian, na sururu begani.

"Futi ngapi safari hii?" aliuliza Revelian.

"Tatu."

"Tupime."

Walipima. Ilikuwa futi mbili na inchi kumi. Revelian akashuka ndani ya mtaro, akachimba inchi mbili zilizobaki. Wakaendelea na kazi hadi giza lilipoingia.

Leo ukuta mpya umesimama na mabati yataezekwa tena kabla ya Krismasi. Wawili hao hufanya kazi pamoja, na Revelian ndiye anayekagua kila msingi kabla haujafukiwa. Kesho atapita hapa kwa Mwishehe. Aliulizwa kama amemsamehe mwenzake.

"Nimemsamehe. Ila mgongo ukiniuma usiku, nasamehe upya."

Tabu hajarudi kanisani. Atuganile humtembelea kila Alhamisi, wanasuka ukili wa mikeka pamoja, na suala la kanisa halitajwi.

Chumba cha Tabu na mumewe kule Keko kina sakafu ya udongo, na mvua za vuli zikianza maji hupita chini ya mlango. Fransis amemwomba Revelian ruhusa ya kwenda kuinua kizingiti na kumwaga sakafu ya saruji. Revelian amemjibu kwamba ruhusa ni ya mwenye kufagia.

"Nitakwenda Jumamosi kumwuliza Tabu," anasema Fransis, akipangusa jasho. "Akinifukuza, nitakwenda Jumamosi nyingine."