Moto Uliochanwa

Shimo letu la moto lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe meusi ya volkano. Upande wa ziwa tuliacha pengo, maana upepo wa mchana hutoka huko, na moto ulipumua kupitia hapo. Mimi niliupenda kuliko wote nyumbani. Nikikaa kando yake naota: nitafungua duka la vitambaa, nitapanda ndege, nitajenga jiko lenye bomba ndani. Kuni za mkaratusi zikianza kulia, ndoto zinakuja zenyewe.

Mwaka ule kaka yangu alioa msichana aliyezaliwa na kukulia Kigoma. Wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani, wakarudi vita ilipokwisha. Kiswahili chake kilinyooka hadi tukaona haya na chetu, lakini Kinyarwanda alikuwa anakiokota neno moja moja. Tangu harusi alikuwa anakula sufuria ya Mama, kwa sababu kwetu bibi harusi hapewi moto wake mpaka shangazi wa mumewe aonje mapishi yake. Shangazi aliishi Goma, ng'ambo ya mpaka. Ikapangwa avuke mchana, ale maharagwe ya wifi, arudi kabla mpaka haujafungwa.

Tuliwasha asubuhi. Kuni zilikuwa na unyevu wa mvua, nikamwonyesha wifi tunavyofanya: magome makavu ya mkaratusi chini, vijiti juu yake, kisha magogo yakutane vichwa katikati bila kubanana. Kichwa kikiungua, unalisukuma gogo ndani. Kuni mbichi unaziegemeza kwenye mawe zikauke zikisubiri zamu. Maharagwe yakaanza kuchemka, wifi akaanza kuimba.

Jua lilipopanda, Mama akajifunga kitenge kwenda kumpokea Shangazi pale mpakani, Grande Barrière. Akiwa mlangoni akamwambia wifi, "We binti, uchane ile moto muzuri. Nisikute imekufa." Mimi nikaenda bombani.

Niliporudi na maji, sufuria ilikuwa kimya. Magogo yamelala mbalimbali, kila moja linafuka peke yake, kama watu waliogombana.

"Wifi, mbona umeyatawanya?"

"Mama amesema niuchane. Nimeuchana." Mkono wake ukapita hewani kama unapita kwenye nywele. "Nilidhani ndivyo mnavyopunguza moto huku."

Nilicheka mpaka nikatua ndoo. Mama huchanganya lugha bila kujijua, na kwa Kinyarwanda gucana ni kuwasha moto, kuukoleza. Nilipomweleza, wifi hakucheka.

"Basi nitakula sufuria ya Mama hadi uzeeni," alisema.

Tukapiga magoti. Tukakusanya makaa, yeye akapanga vijiti, mimi nikapuliza. Kwa haraka nikarundika magogo, moshi ukatupofusha, ikabidi niyatoe tena. Moto haukujua kwamba mpaka unafungwa.

Shangazi akafika, akanywa chai, akatazama jua, akanywa nyingine. Mwishowe akaomba kuonja. Akatafuna polepole, maharagwe yakilia menoni.

"Mm. Hii iko na mifupa."

Mama akauliza nani alichunga moto. Nilitaka kusema mimi, wifi akanitangulia. "Ni mimi, Mama. Uliniambia niuchane, nikauchana." Akarudia kuonyesha kwa mkono.

"Uliichana na njia ya katikati ao ya pembeni?" Shangazi akauliza. Akaifunika sufuria. "Bon. Siwezi kusema ni mubaya, haiyaiva bado. Munifungie, nitaimalizia kwangu."

Akaondoka na sufuria kichwani, ingali na joto, imefungwa kitenge.

Jioni ile mimi na wifi tulikaa kando ya makaa. Siku hiyo sikuota duka wala ndege. Niliwaza jinsi alivyosimuliwa nchi hii tangu utoto kwamba ndiyo kwao, na sasa hata neno la kuwasha moto linamgeuka mkononi.

Kesho yake jirani yetu anayeuza nyanya Goma akarudisha sufuria. Imesuguliwa, inang'aa, na ndani mna chanuo jipya la mti.

"Amesema iliiva, na ilikuwa tamu," jirani akasema. "Amesema mumupatie bibi harusi moto yake."

Mama alichagua mawe matatu, akayapanga nyuma ya chumba cha kaka, akaleta makaa juu ya kigae.

"Haya," akamwambia wifi, "chana."

Wifi alikuwa ameshachomeka chanuo kichwani.

"Nichane nini, Mama?"